Kabla hujanunua mashine nyingine ya kukatia marumaru, pima hiyo uliyonayo

Wiki iliyopita kijana mmoja, fundi marumaru wa Dodoma, alinitumia picha tatu WhatsApp. Ya kwanza ukuta wa bafu, marumaru za 30 kwa 60, rangi ya maziwa. Ya pili kona ya ukuta huohuo karibu na dirisha, na hapo moyo uliniuma: kati ya vipande alivyokata kuna nafasi inayoanza nyembamba kama uzi na kuishia pana kiasi cha kupitisha sarafu. Ya tatu ni mashine yenyewe, imekaa juu ya mchanga, imeinama upande mmoja, trei imejaa tope jeupe. Chini akaandika: "Shikamoo kaka. Mwenye nyumba kasema nibandue ukuta wote. Mashine yangu ni mbovu, nishauri ninunue ipi."

Nilimwitikia na kumwambia asinunue kitu kwanza. Halafu nikakaa na simu mkononi mpaka chai ikapoa, kwa sababu ile picha ya pili naijua. Ni kazi yangu ya mwaka 2016, ila mimi sikuipiga picha. Nilitaka isionwe na mtu.

Mwaka ule nilikuwa na miaka minane kwenye kazi hii. Nilianza kama saidia fundi, nachota maji na kukoroga simenti, baadaye nikakabidhiwa mwiko, halafu mashine ya mkono, ile ya kuchora mstari na kuvunja. Nilikuwa na wateja Tabata, Segerea mpaka Kinyerezi. Ndipo nikanunua mashine yangu ya kwanza ya maji, ile inayokata huku maji yakipoza diski, pale Kariakoo, kwa pesa niliyoiweka kwenye kibubu miezi kumi na moja. Ilikuwa ya trei inayoteleza, mota juu, diski ya milimita 250. Siku naishusha kwenye bajaji watoto wa mtaani walinizunguka, na mke wangu akatoka nje na unga mikononi kuja kuiona. Nilijua maisha yamebadilika.

Kazi ya kwanza ya maana niliyoifanya nayo ilikuwa nyumba moja huko Goba. Korido ya mita 9, marumaru nyeupe za 60 kwa 60, na mwenye nyumba akataka mikanda miwili myeusi ikimbie korido nzima, mmoja kila upande, kama alivyoona hotelini. Marumaru nyeusi zilikuwa za 60 kwa 60 pia, kwa hiyo kila moja niipasue vipande vya sentimita 19 na nusu. Vipande 30. Nilivikata kwa siku moja na kuvibandika siku mbili, siku ya pili mpaka usiku, saidia fundi wangu ananimulikia tochi ya simu maana umeme ulikatika. Nilirudi nyumbani nimechoka, nimeridhika kabisa.

Asubuhi mwenye nyumba alitangulia kufika. Alifungua mlango wa mbele, jua la saa mbili likaingia likalala juu ya korido. Mwanga wa namna hiyo haufichi kitu. Alisimama kizingitini, akaniuliza kwa upole kabisa: "Fundi, huu mkanda mbona una meno?"

Nikainama. Ulikuwa na meno kweli. Vipande vingi vilikuwa vipana upande mmoja kuliko mwingine kwa karibu milimita 2, kwa hiyo kila kimoja kilipokutana na jirani yake paliingia ngazi ndogo. Nafasi ya grauti (ile simenti laini ya kujazia kati ya marumaru) ilianza milimita 2, ikaisha, ikaanza tena. Ukisimama juu huoni. Ukiinama usawa wa magoti na mwanga wa pembeni, unaona msumeno wa mita 9.

Tulibandua. Nyeusi zote, na nyeupe nyingi za jirani zilizomegeka wakati wa kubandua. Maboksi 6 nililipa mimi. Pesa ile imeshasahaulika, nawaambia kweli. Kilichobaki ni sentensi moja aliyoisema mbele ya saidia fundi wangu, kijana ambaye mama yake ndiye aliyenikabidhi nimfundishe kazi: "Wewe endelea na vyoo, sebule za watu waachie wenyewe." Sebule akampa fundi mwingine. Miaka imepita, nimeshabandika sebule ambazo ukiingia unavua viatu bila kuambiwa, lakini nikipita barabara ile ya Goba bado nageuza uso upande wa pili.

Na kinachouma zaidi, mashine nilikuwa nimeipima! Sikukurupuka. Nilikuwa na skwea mpya ya chuma ya sentimita 30 (kile chombo cha miguu miwili cha kupimia pembe ya nyuzi 90), imechongwa namba vizuri, nimeinunua siku ileile na mashine. Niliiweka kwenye egemeo (kile chuma cha mbele cha trei ambacho marumaru inaegemea), mguu wa pili nikaulaza kwenye diski, nikaona vimekaa pamoja, nikakaza bolti. Kwa hiyo nilipobandua ile kazi nilikuwa na jibu moja tu, kama la kijana wa Dodoma: mashine ni mbovu.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja seremala wa Buguruni, jirani ya alikokuwa akiishi shangazi yangu. Nilienda kumsalimia shangazi, nikampitia mzee kibarazani, nikamweleza masaibu. Hakuuliza mashine ni ya kampuni gani. Aliuliza: "Skwea yako umeipima na nini?" Nikamwambia, mzee, skwea ndiyo inayopima. Akatabasamu, akaniambia nikailete.

Alichukua kipande cha plaiwudi chenye ukingo ulionyooka. Akaegemeza mguu mmoja wa skwea kwenye ukingo ule, akachora mstari kwa penseli iliyochongwa kali kama sindano. Kisha akaigeuza skwea upande wa pili, kama unavyogeuza ukurasa, akaiegemeza ukingo uleule, akachora mstari mwingine kuanzia nukta ileile. Mistari miwili ikaanza pamoja chini na kumalizika juu ikiwa imeachana milimita 2. Akasema: "Ingekuwa nzima, ungeona mstari mmoja tu. Hayo makosa unayoyaona ni mara mbili ya kosa lenyewe. Skwea yako imetoka milimita 1 kwa sentimita 30." Nikapiga hesabu pale pale: kwa sentimita 60 ni milimita 2. Ile korido yote.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huo, na nitaurudia maana ndio msingi: pima skwea yako kabla haijapima kitu kingine. Plaiwudi, penseli, dakika moja. Fanya hivyo dukani kabla hujalipa. Muuzaji akikasirika, nenda duka la pili. Na ikishaanguka kwenye zege mara moja, ipime tena.

Sasa mashine. Mafundi wengi hufikiri kuweka mashine skwea, yaani ikate nyuzi 90 kamili, ni kulinganisha egemeo na diski. Mimi pia nilifikiri hivyo, na hata ningekuwa na skwea nzima ningekosea kidogo, kwa sababu diski peke yake haikati mstari. Mstari unatokana na safari ya trei. Trei ikisafiri kwenda huku na diski ikatazama kule, mstari utafuata trei, na diski itakuwa inakwangua pembeni: unaona njia ya diski imekuwa pana kuliko diski yenyewe, na upande mmoja wa kata unamegeka glezi (ule ung'avu wa juu). Kwa hiyo kinachotakiwa kuwa skwea ni egemeo na safari.

Hivi ndivyo ninavyofanya. Kwanza nachomoa plagi ukutani. Siyo kuzima swichi, kuchomoa. Nafunga msumari mwembamba kwa tepu kwenye kava ya diski, ncha yake itazame chini kuelekea kwenye trei. Naweka skwea kwenye trei, mguu mmoja umekaa barabara kwenye egemeo, mguu mwingine umeelekea upande trei inakokwenda. Nasogeza skwea mpaka ncha ya msumari iguse mguu ule, mguso wa kuweza kushika kipande cha karatasi. Halafu nasukuma trei taratibu kutoka mwanzo mpaka mwisho. Kama egemeo liko skwea na safari, msumari unagusa mwanzo, katikati na mwisho, ile karatasi inashikwa kote. Kama haliko, utaona mwanga unapenya upande mmoja, au msumari unaanza kuisukuma skwea. Legeza bolti za egemeo, gonga kwa kishikio cha bisibisi, rudia. Usiwe na haraka. Mara ya kwanza ilinichukua saa nzima, siku hizi dakika kumi.

Ukiona msumari unagusa mwanzo na mwisho lakini unaachia katikati, au trei inatikisika ukiishika pembeni, usihangaike na egemeo. Angalia magurudumu ya trei na reli zake. Tope la marumaru likikauka kwenye reli linakuwa gumu kama zege, na punje moja chini ya gurudumu inatosha kuinua trei. Safisha kwa maji na brashi kila jioni. Wengi hamfanyi, na mimi huwa najua nikiikuta mashine ya mtu hata kabla hajaiwasha.

Msumari ukikubali, diski nayo ina mambo yake mawili. Iwe wima: skwea ndogo juu ya trei, mguu uguse bati la diski na siyo ule ukingo wenye almasi, kwa sababu ukingo ni mnene kuliko bati na utakudanganya. Isiwe wima, kata itakuwa imelala, juu marumaru zimekutana, chini zimeachana, au kinyume chake. Jambo la pili, itazame safari: weka nukta ya kalamu kwenye diski, pima kutoka nukta ile hadi skwea ikiwa mbele, zungusha diski kwa mkono nukta iende nyuma, sukuma trei, pima tena. Nukta ni ileile, kwa hiyo hata diski ikiwa imepinda kidogo haikuharibii hesabu. Na unapofunga diski mpya, futa zile bamba mbili zinazoibana. Punje ya mchanga hapo katikati inaifanya iyumbe. Tundu la diski lilingane na shafti. Nimeona kijana kafunga diski yenye tundu kubwa kuliko shafti na kuijazia kwa waya. Hilo usilifanye hata kama mteja amesimama mlangoni. Mshale uliochorwa kwenye diski ufuate mzunguko wa mota.

Hayo yote ni maandalizi tu. Anayetoa hukumu ni kata yenyewe, na kuna njia moja ninayoiamini kuliko skwea yoyote duniani. Ni kata tano.

Chukua marumaru ya bei nafuu ya 40 kwa 40. Haijalishi kama kiwandani ilitoka skwea au haikutoka, maana utaikata pande zote. Siku hizi tunazo zinazotengenezwa hapahapa, Mkuranga na Chalinze, kwa hiyo moja ya kuharibu haitakufilisi. Iegemeze, kata ukanda mwembamba upande wa kulia. Izungushe ili ukingo ulioukata sasa hivi uende kwenye egemeo, kata tena. Zungusha, kata. Zungusha, kata. Zimekuwa nne. Sasa zungusha mara ya tano, na ukanda huu wa mwisho ukate upana wa sentimita moja hivi, uutunze, andika kwa kalamu kichwa na mkia ili usisahau upi ulikuwa karibu na egemeo. Pima upana wake kichwani na mkiani kwa kalipa (kile kipimo cha taya mbili kinachosoma mpaka sehemu ndogo za milimita). Kwa nini? Kwa sababu kila ulipozungusha, kosa la mashine limejumlishwa juu ya kosa lililotangulia, mpaka mwisho linakuwa mara nne. Kosa usiloweza kuliona kwa macho linajileta lenyewe kwenye kipimo.

Mfano: kichwani nimepata milimita 11.6, mkiani 13.2. Tofauti ni 1.6. Gawa kwa 4, unapata 0.4. Maana yake mashine inatoka skwea milimita 0.4 kila sentimita 40. Kwa marumaru ya 60 ni 0.6, kwa ile ndefu ya sentimita 120 ni 1.2. Sasa unajua unachopigana nacho. Kama nafasi zako za grauti ni milimita 2 na marumaru ni ndefu, huwezi kuliacha.

Na kusahihisha hakuhitaji kubahatisha. Egemeo la mashine yangu lina bolti mbili zilizoachana sentimita 50. Bolti moja nailegeza robo tu iwe kama bawaba, nyingine ndiyo inayosogea. Kosa la 0.4 kwa sentimita 40 ni 0.5 kwa sentimita 50. Kwa hiyo nasogeza upande ule nusu milimita. Napataje nusu milimita? Kwa fila geji, zile bapa nyembamba ambazo mafundi magari wanapimia vali. Unaweza kuziazima au kununua. Nafunga kipande cha chuma kwa klempu kikiwa kimegusa egemeo, naingiza au natoa bapa ya 0.5 kulingana na upande ninaotaka kwenda, nalisukuma egemeo liguse, nakaza. Kabla sijanunua fila geji nilikuwa nakata vipande vya kopo la soda. Bati la ubavu wa kopo lina unene wa karibu milimita 0.1, matano yakipangwa pamoja ni nusu milimita. Fanya kata tano upya. Tofauti ikiwa imeongezeka, umesogea upande usio wake, rudi na uende kinyume. Mimi sianzi kazi mpaka tofauti ya ukanda wa tano iwe chini ya milimita 0.3.

Kama huna marumaru ya kuharibu, kuna njia ya haraka. Ipasue moja katikati, kipande kimoja kiache, kingine kigeuze uso chini, ili ukingo uliokuwa mbali na egemeo sasa uegemee ubao mmoja ulionyooka pamoja na mwenzake. Vikutanishe pale vilipokatwa. Vikigusana juu mpaka chini, uko salama. Ukiona mdomo umefunguka, nusu ya mdomo huo ndiyo kosa lako. Ila hii inaitegemea marumaru yenyewe iwe na pande mbili sambamba, kwa hiyo naitumia asubuhi tu, kuhakikisha mashine haijahama usiku.

Maana inahama, ndugu zangu. Tunaibeba kwa bajaji, kwa pikipiki, kwa guta, barabara zenyewe mnazijua. Mashine iliyokuwa skwea Jumamosi Mbagala siyo lazima iwe skwea Jumatatu Bunju. Kila inaposhuka chini napima. Naiweka juu ya sakafu ngumu, siyo mchanga, na kulaza pima maji (kile kipimo cha usawa chenye kiputo) juu ya trei pande zote mbili. Ikiinama, trei inavutwa upande mmoja na maji yanakimbilia huko, upande mwingine wa diski unakauka.

Maji yapige pande zote mbili za diski. Ukiona cheche au moshi, acha. Diski ikianza kuteleza juu ya poseleni (zile marumaru ngumu zaidi) bila kula, haijaisha, almasi zimefunikwa. Pitisha kata tatu nne kwenye tofali la simenti na mchanga, itaamka. Usiisukume marumaru kwa nguvu, kwa sababu diski ni bati jembamba, ukilisukuma linapinda, na skwea yote uliyoihangaikia asubuhi inapotea kwenye kiganja chako. Na poseleni hupenda kumeguka pale kata inapomalizikia, kwa hiyo mimi natangulia kukata sentimita 3 au 4 kwa upande wa kutokea, kisha naigeuza na kuanza safari ya kawaida mpaka zikutane. Uso mzuri uwe juu.

Umeme na maji nisiyapite kimya. Waya wa mashine uning'inie chini kuliko soketi kabla ya kupanda, ili tone la maji lidondoke sakafuni lisiingie kwenye soketi. Soketi iwe na ile swichi inayokata umeme unapovuja. Ekstensheni ndefu na nyembamba inachosha mota, na diski inayozunguka kinyonge inamega. Miwani. Vaa miwani.

Jambo jingine ambalo vijana mnanilaumu nalo: "Kaka, mashine yangu iko skwea lakini kona ya chumba haiko." Ndiyo, nyumba nyingi hazina kona iliyo skwea. Ndiyo maana unapiga mistari yako kwa 60, 80 na 100 kabla hujafungua boksi: sentimita 60 upande huu, 80 upande huu, mshazari ukitoa 100 uko sawa, na kwenye chumba kikubwa zidisha mara mbili au tatu. Kipande cha ukutani unakipima juu na chini na kukikata mshazari kwa makusudi. Lakini utajuaje mshazari wa makusudi kama mashine nayo ina mshazari wake wa siri? Ukuta umepinda milimita 3, mashine milimita 2, wewe katikati unamlaumu mjenzi. Angalau kimoja kati ya hivyo viwili kiwe kinajulikana, na kilicho mikononi mwako ni mashine.

Nasema haya kwa uchungu kwa sababu nimesikia sana lugha moja kwenye saiti. Marumaru mbovu. Mashine mbovu. Mchina kaharibu. Mjenzi kaharibu. Mwenye nyumba msumbufu. Nimeyasema yote mimi mwenyewe mwaka 2016, na hakuna hata moja lililorudisha maboksi 6. Mtu amekopa, amejinyima, amejenga miaka saba tofali kwa tofali, leo anakukabidhi sakafu ambayo wajukuu wake watatambaa juu yake, halafu wewe huwezi kutoa nusu saa ya kupima chombo chako? Ukimaliza kazi unamwomba pesa yake yote, na yeye anayo haki ya kupata mstari wake wote. Vijana, mnaomba kuheshimiwa kama mainjinia, na mnastahili. Basi pimeni kama wao. Kalipa ya plastiki ni rahisi kuliko boksi moja la marumaru, na fundi mwenye kalipa mfukoni hata mwenye nyumba anapunguza sauti. Nimeliona hilo kwa macho yangu mwezi uliopita Kigamboni, kwenye sakafu ya 60 kwa 120 ambayo mistari yake imetoka sebuleni, imepita korido, imeingia jikoni bila kukatika. Mwenye nyumba alinikuta asubuhi nimepiga magoti napima ukanda wa kata ya tano. Aliniuliza nafanya nini, nikamweleza. Akavuta ndoo akakaa, akatazama mpaka nikamaliza. Hakuja tena kunikagua. Saidia fundi wangu, yuleyule wa Goba, sasa ni fundi kamili, ndiye aliyekata zote za jikoni.

Turudi kwa kijana wa Dodoma. Nilimtumia ujumbe wa sauti wa dakika kumi na mbili. Kesho yake akajibu kuwa ameipima skwea yake kwenye ubao wa mlango, ni nzima, ameshukuru Mungu. Akahamisha mashine kutoka mchangani hadi kwenye zege la baraza. Alikata kata tano kwenye kipande cha 30 kwa 30, akaazima kalipa kwa fundi wa kuchomelea geti, akaniandikia: kichwani 10.4, mkiani 14.0. Nikapiga hesabu: 3.6 gawa kwa 4 ni 0.9 kwa sentimita 30. Kwenye marumaru yake ya 60 ni karibu milimita 2. Ndiyo ile sarafu kwenye picha. Bolti ya kushoto ya egemeo ilikuwa imelegea, inazunguka kwa vidole.

Jana saa kumi na mbili jioni ametuma picha nyingine, ukanda mwembamba wa marumaru ya rangi ya maziwa juu ya kiganja kilichojaa tope, kalipa pembeni. Kichwani 12.1, mkiani 12.2. Ameanza kubandua ule ukuta leo asubuhi, na mwenye nyumba amekubali kumsubiri mpaka Ijumaa.